Jinni wa Vizingiti vya Zafarani

Alikuwako, katika enzi ambazo majini walikuwa bado wakijibu wanapoitwa, Sultani Mundhiri bin Wathiki wa mji wa Zafarani, mtu mwenye ndevu nzuri na pua kali, ambaye aliweza kustahimili vita na njaa na ugomvi wa wakeze, lakini hakuweza kustahimili harufu mbaya hata kidogo. Kwa ajili ya pua hiyo aliweka Kanuni ya Taka, ikasomwa misikitini na kuchongwa juu ya lango la mji, kwamba taka za nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na taka za soko ni juu ya Msimamizi wa Soko, na taka za wagonjwa, yaani vitambaa vya vidonda na mikeka iliyochafuka, ni juu ya Tabibu Mkuu wa maristani, ambayo ndiyo nyumba ya wagonjwa; na juu ya hao wote yuko Waziri, naye ndiye wa kuulizwa na Sultani. Na atakayemsukumia mwenziwe taka zake, Kadhi atamhukumu.

Ilikuwa kanuni nzuri, nami siisemi vibaya. Lakini siku moja punda wa muuza maji alianguka akafa njiani, kichwa kikiwa upande wa soko na miguu ya nyuma ikiwa mbele ya maristani. Msimamizi wa Soko akasema punda huyu ni wa Tabibu, kwa kuwa amekufa kwa maradhi, na Tabibu akasema ni wa soko, kwa kuwa alikuwa amebeba bidhaa, na wakajadiliana kwa adabu na taadhima, kila mmoja akimwita mwenziwe bwana mkubwa, hata punda akavimba, akapasuka, na upepo ukageuka ukaelekea kasri ya Sultani.

Sultani akaghadhibika ghadhabu kubwa, akafunga pua kwa kilemba chake na kumwita Waziri Burhani. Huyu Waziri alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye kutabasamu kabla hujamaliza kusema, na hakuna aliyewahi kumwona akitoka jasho. Akapiga magoti na kusema, "Ewe maulana, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri. Mimi mtumwa wako nimepata kwa msafara wa mbali pete ya fedha nyeusi, na ndani yake amefungwa jinni aitwaye Kahatwani. Yeye ataondoa taka zote za mji bila ujira wala ufagio. Ila ana sharti lake, hachukui kitu mpaka mwenyewe akikane. Basi kila alasiri ngoma itapigwa, na kila mtu ataweka uchafu wake kizingitini na kusema, vilivyo kizingitini si vyangu, chukua. Na wenye ofisi watayasema maneno hayo kwa ajili ya ofisi zao."

Sultani akauliza, "Na atavipeleka wapi?"

"Mbali na pua yako, maulana," akasema Waziri, na Sultani akatia muhuri wake papo hapo bila kuuliza la pili.

Toka siku hiyo Zafarani ikang'aa. Ngoma ikilia watu husimama milangoni, wakatamka maneno yao huku wakipiga miayo, na upepo wa moto hupita, na vizingiti hubaki vyeupe. Mifagio ikawa ya kufukuzia kuku. Msimamizi wa Soko akanenepa, Tabibu Mkuu akaanza kutunga mashairi, na wageni waliokuja mjini walirudi kwao wakiwatukana masultani wao.

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye alikuwa Shadya binti Nabhani, mpika sabuni, yatima aliyeachiwa na babaye sufuria na tabia ya kushuku. Shadya akinunua maziwa alikuwa akiyaonja, kisha akiyanusa, kisha akimnusa na muuzaji. Watu walipoisifu pete yeye aliuliza, "Vinakwenda wapi?" Nao wakamwambia, "Bibi we, umeondolewa uvundo, wataka nini tena?" Akarudi kwenye sufuria yake, kwa kuwa na yeye aliweka jivu lake na sabuni yake iliyoharibika kizingitini na kusema maneno kama wenziwe, lakini kila alipoyasema nywele zilimsisimka shingoni. Tena aliona kunguru wakiuhama mji makundi kwa makundi, na yeye hakupata kumwona kunguru akiondoka penye heri yake.

Mtu pekee ambaye Shadya hakumshuku ni mchumba wake Luqmani, fundi wa vyombo vya shaba, mgeni asiye na ndugu mjini, na hata yeye alimshuku mwaka mzima ndipo akaikubali posa. Siku ya harusi ilikuwa imekwisha wekwa pale Luqmani aliposhikwa na homa kali, akapelekwa maristani. Shadya akawa anampelekea uji kila asubuhi. Akaenda asubuhi moja, akaona mahali pake ni patupu na sakafu imeoshwa.

"Amepona, ameondoka," akasema Tabibu Mkuu, jina lake Anwari, bila kuinua macho.

"Ameondoka na miguu mitupu?" akauliza Shadya. "Mbona viatu vyake hivi hapa?"

"Binti yangu, mtu aliyepona hukimbia kwa furaha. Nenda nyumbani, utamkuta."

Akaenda nyumbani, hakumkuta. Akaenda karakana, akakuta nyundo zimelala. Alipokuwa amekaa nje ya maristani akilia kwa hasira, kunguru mmoja aliyekonda, aliyebakiwa na manyoya machache, alitua ukutani na kumwambia kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Usilie bure. Mimi najua alipo."

Shadya akapangusa macho, akamtazama kunguru juu mpaka chini. "Na wewe kunguru mwenye kusema watoka wapi? Nani amekutuma?"

"Njaa ndiyo imenituma. Na usinitazame hivyo, mimi siombi, nafanya biashara. Nipe mafuta unayopikia sabuni nikwambie."

Akampa, na kunguru akala hata akayumba, kisha akasema, "Jana joto lilikuwa kali, wauguzi wakamlaza mchumba wako mlangoni apate upepo. Ngoma ya alasiri ikalia. Tabibu akatoka na ubeti wake kichwani, akasema maneno kwa haraka, vilivyo kizingitini si vyangu, wala hakutazama chini. Upepo ukapita. Alipogeuka, mkeka hakuna na mtu hakuna. Akaamrisha sakafu ioshwe."

Shadya akaingia ndani kama alivyo, akamkabili Tabibu. Naye alipoona siri imefichuka akasema, "Bibi, mimi ni juu yangu mpaka kizingitini. Kikishapita kizingiti ni cha Waziri." Akaenda kwa Waziri, na Waziri akatabasamu na kusema, "Mimi nina pete tu. Kanuni imeandika wazi kwamba vitu vya wagonjwa ni vya Tabibu." Akaenda kwa Kadhi Jabiri, mtu msafi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri kuliko zote za mji, na Kadhi akamsikiliza kwa upole, akashusha pumzi, akasema, "Binadamu si taka, basi Kanuni ya Taka haimhusu. Hakufa, basi hukumu ya maiti haimhusu. Wala hakupotea, kwa kuwa wasema unajua alikokwenda. Sioni mlango wa kuingilia, mwanangu." Shadya akaona kwamba Kadhi alipotamka neno binadamu sauti yake ilikwama kidogo, naye akaiweka shaka hiyo pamoja na shaka zake nyingine, maana alikuwa nazo tele.

Akarudi kwa kunguru. "Nipeleke."

"Kuna mafuta?"

"Utayapata tukirudi. Nikikulipa sasa utanitupa njiani."

"Tumefahamiana," akasema kunguru, akaruka.

Wakaenda nyuma ya Jabali la Chumvi, ambako watu wa Zafarani hawaendi kwa kuwa hakuna biashara, na huko Shadya akaona ajabu iliyomfanya akae chini. Bonde zima lilikuwa limejaa taka za mji, si kwa fujo bali kwa nidhamu, vigae na vigae, mifupa na mifupa, matambara yamekunjwa kama nguo za bibi harusi, na hata yule punda alikuwepo, amelazwa juu ya jukwaa lake mwenyewe. Na katikati ameketi jinni Kahatwani, mkubwa kama mnara, mwenye macho ya rangi ya shaba, anapangusa kikombe kilichovunjika mpini kwa pindo la joho lake.

"Usiguse," akasema jinni. "Hizi ni mali zangu."

"Hizi ni taka," akasema Shadya.

"Kwenu. Mimi ni jinni fakiri, sikupata kumiliki kitu tangu kuumbwa. Watu wa mji wako walinipa kila siku kwa midomo yao wenyewe, na mwezi ukiandama muda wa pete unakwisha, nami nitahamia nyuma ya Mlima Kafu na mali zangu zote, na majini wenzangu watasimama kwa heshima nikipita."

Hapo Shadya akamwona Luqmani. Alikuwa hai, ameketi kati ya masufuria, amekonda, anagonga tundu la birika kwa jiwe, na alipomwona aliinuka akakimbia, na alipofika ukingoni mwa bonde akarudishwa nyuma kama aliyegonga ukuta. Shadya akanyoosha mkono, usifike. Akamgeukia jinni na kusema, "Huyu ni mtu! Nirudishie mchumba wangu."

"Alikanwa kizingitini kwa maneno yaliyotimia," akasema Kahatwani. "Sheria yetu ni moja. Kilichokanwa hurudi kikidaiwa na yule aliyekikana, au na aliye juu yake katika amri, akisema mbele yangu, ni vyangu. Lakini hadai kimoja. Akidai, hurudi vyote alivyovikana, papo hapo, mahali pake. Mlete Tabibu wako."

Shadya akakaza macho. Alijua majini husema uongo kwa adabu, hivyo akaamua kumjaribu kwa kitu chake mwenyewe, akasema kwa sauti kubwa, "Jivu langu na sabuni yangu mbovu na yote niliyoyakana, ni vyangu!" Rundo moja likatoweka pale bondeni, na jinni akapiga ukelele wa uchungu kana kwamba amekatwa kidole. Shadya akampungia Luqmani mkono, akashuka jabali mbio, na alipofika kwake akakuta mlango umezibwa mpaka dirishani na jivu la miezi mingi, na jirani yake amesimama kando ameziba pua, akiuliza kama huu ndio uungwana. Jinni alikuwa mkweli, na jambo hilo lilimtisha kuliko uongo.

Basi Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, akaingia barazani kwa Sultani, na mabwana wote wapo, na watu wa mji wamejaa uani. Akaanguka kifudifudi na kusema, "Ewe maulana, kimbilio la wanyonge, mchumba wangu ametupwa pamoja na matambara ya wagonjwa. Muamuru Tabibu wako aseme maneno mawili, naye atarudi."

Sultani akastaajabu, akamwamuru Waziri asugue pete, na Kahatwani akatokea kama moshi, akathibitisha. Kisha akasema, "Alikana Tabibu, kwa idhini ya Waziri, kwa muhuri wa Sultani. Yeyote katika hao watatu anaweza kudai. Tabibu akidai, vitarudi vya maristani, na vitarudi maristani. Waziri akidai, au Sultani, vitarudi vya mji mzima, na vitarudi hapa mlipokaa."

Tabibu Anwari akapiga hesabu ya matambara ya usaha kwenye vyumba vyake, akajikohoza, akasema kwamba angependa sana lakini jambo hili lahitaji idhini ya aliye juu. Waziri akatabasamu na kusema kwamba hawezi kumwingilia Tabibu katika mamlaka yake. Kadhi akatazama vidole vya miguu yake. Na Sultani, ambaye hakuwa mtu mbaya ila pua yake ilimtawala, akasema, "Binti, tutakutafutia mchumba mwingine, mzuri kuliko huyo, na mahari juu yangu."

Shadya akasimama. Hakuna anayesimama mbele ya Sultani bila ruhusa, lakini yeye alisimama, machozi yakimtoka, na ile tabia ya kushuku iliyomkosesha marafiki maisha yake yote ikamfumbua macho, akaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

"Maulana," akasema, "simtaki mwingine. Lakini kabla sijaondoka, nikuulize swali dogo. Hapa kasri, kila alasiri, nani husema maneno ya kizingiti?"

"Waziri wangu."

"Na kiti chako cha enzi siku zote kilikuwa hapo mlangoni?"

Sultani akatazama chini. Miguu ya mbele ya kiti ilikuwa juu ya jiwe la kizingiti. Akageuka polepole. "Burhani. Nani amekisogeza kiti changu?"

"Joto, maulana," akasema Waziri kwa sauti yake laini. "Tulitaka upate upepo." Na kwa mara ya kwanza watu wakaona tone la jasho likimshuka shavuni.

Kama alikusudia au hakukusudia, hata leo wajuzi wanabishana, nami nina wazo langu. Lakini wakati huohuo ngoma ya alasiri ikaanza kulia nje, na Waziri, kwa mazoea au kwa nia, akafungua kinywa, na Sultani Mundhiri bin Wathiki akaruka kutoka kitini kama aliyekalia kaa la moto na kupiga kelele, "Ni vyangu! Vyote ni vyangu! Vya soko, vya wagonjwa, vya mji mzima, ni vyangu!"

Pete ikapasuka kidoleni mwa Waziri. Kahatwani akalia kilio cha fakiri aliyefilisika, akatoweka na joho lake tupu, na taka za Zafarani zikashuka juu ya baraza, mifupa na vigae na matambara, na punda akaja wa mwisho, akatua mbele ya Msimamizi wa Soko, ambaye safari hii hakusema ni wa nani. Sultani akazama mpaka kifuani. Na katikati ya lundo Luqmani akachomoza, ameshika birika, na Shadya akapanda juu ya takataka na kanga zake safi, akamkumbatia mbele ya watu bila kuona haya.

Watu wakaanza kushangilia. Lakini Luqmani akainua mkono na kusema, "Ngojeni. Sikuwa peke yangu kule."

Na lundo likatikisika, wakaanza kutoka wengine. Akatoka kiziwi aliyekuwa akilala sokoni, ambaye watu walidhani amehama. Akatoka mtoto mlemavu wa miguu. Akatoka bibi kizee, mwenye mgongo uliopinda, akikung'uta jivu kwenye buibui lake. Hao hawakulazwa mlangoni kwa ajili ya upepo. Shangwe zikafa, na wako uani walioinamisha vichwa, na wako waliotoka kwa nyuma bila kuaga. Sultani, akiwa bado amezama, akamuuliza yule kizee, "Mama, nani alikuweka kizingitini? Nitaje jina, nimkate kichwa."

Kizee akasema, "Nimesahau, baba. Mimi mzee," na macho yake hayakuwa ya mtu aliyesahau.

Basi Kanuni ya Taka ikatengenezwa upya. Kila mwenye ofisi akaamrishwa kuushika ufagio kwa mkono wake, na kujua kila kitu kitokacho mlangoni kwake kinaishia wapi, na kwenda kupaona. Waziri Burhani akavuliwa kilemba, akapewa koleo, na inasemekana alijifunza kutoka jasho sawasawa. Tabibu Anwari akaacha mashairi. Mafuta na mifupa na jivu la lile lundo Sultani akampa Shadya, naye akayapika sabuni iliyouzwa hata nchi za mbali, akatajirika utajiri mkubwa, na kunguru akalipwa deni lake na zaidi.

Ikaja siku ya harusi. Shadya hakuwa na mama, basi alimchukua yule bibi kizee kwake, akampa chumba cha juu chenye dirisha, na siku hiyo akamkalisha kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, amevaa hariri na udi unafuka. Kadhi Jabiri akaja kufungisha ndoa na kanzu yake iliyonyooka. Akaingia, akamwona kizee, akasimama. Akafungua kitabu, akaanza khutuba, sauti ikamkatikia katikati ya aya, akaanza tena, ikakatika tena, na wageni wakatazamana wasielewe. Shadya akamtazama Kadhi, akamtazama kizee, akaona pua ni moja na kidevu ni kimoja, na akafahamu. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani shaka yake iwe si kweli.

Kizee akaegemea mbele na kumwambia Kadhi kwa upole, "Endelea, mwanangu. Watu wana njaa."

Kadhi akaendelea, machozi yakianguka kwenye kitabu, akafungisha ndoa, na alipomaliza hakula karamu. Alitoka nje, akaketi kizingitini pa nyumba ile, akakaa hapo mpaka wageni wote walipokwisha kuondoka, wala mamaye hakushuka kumwita, wala hakuruhusu afukuzwe.

Hapo ndipo nilipoifikisha hekaya yangu, nanyi mmeisikia kwa mdomo wangu. Luqmani na Shadya waliishi kwa raha na mapenzi mpaka alipowajia mwenye kutenganisha wapendanao. Na funzo lake ni jepesi kulisema, zito kulibeba: mji hauwi safi kwa kuvifumbia macho vinavyotoka milangoni mwake, na ukimsikia mkubwa akikwambia jambo fulani si lake, muulize basi ni la nani, na usiondoke mlangoni kwake mpaka akujibu.